Vidole Vitatu vya Kuongeza

Resty alikuwa na namna yake ya kununua viatu, na mwenye duka la viatu kule Matrah, mjini Maskati, alikuwa ameshachoka kuicheka. Kwanza humkalisha Shatha, mtoto anayemlea, kwenye kigoda na kumvua ndala. Halafu huulaza uzi chini ya wayo wa mtoto, kisigino mpaka dole gumba, akaongeza vidole vitatu vya mkono wake mwenyewe, akaukata uzi kwa meno. Kisha humwambia mwenye duka, "Nipe kinachofika hapa." Kiatu hicho hakikuwa cha Shatha. Kilikuwa cha Nabukalu, binti yake wa kumzaa, aliyeko Uganda, ambaye amempita Shatha miaka mitatu. Mwaka mmoja, kidole kimoja. Hesabu hiyo hakufundishwa na mtu. Aliitunga mwenyewe, na hesabu ya kujitungia haina wa kuisahihisha.

Kupima mguu kwa uzi si ajabu. Kijijini kwao, upande wa Masaka, mama anayekwenda sokoni peke yake hukata kamba ya mgomba sawasawa na mguu wa mtoto, akaifutika kifuani, na jioni akarudi na kiatu kinachoingia. Siku aliyoondoka kuja Maskati kufanya kazi za nyumbani, Resty alimpima Nabukalu hivyo hivyo. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, akacheka kwa sababu kamba ilimtekenya. Resty alikuja nayo ndani ya pasipoti. Mwaka wa kwanza akaongeza kidole kimoja, wa pili viwili. Mwaka wa tatu aliifungua pasipoti akakuta kamba imemong'onyoka, imebaki vumbi tu. Ndipo alipomtazama Shatha, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka mitatu na anakimbia ukumbini pekupeku, akaona kwamba kipimo kingine kimemjia chenyewe.

Shatha alikabidhiwa mikononi mwake akiwa na siku arubaini. Mama yake, Bashayer, ni daktari wa zamu. Baba yake, Hamood, huondoka asubuhi kwenda wizarani na kurudi alasiri. Nyumba yao ya mtaa wa Al-Khuwair hubaki na watu watatu: mtoto, Resty, na Bi Kheiria, mama yake Hamood, mzaliwa wa Unguja ambaye amekaa Oman miaka hamsini na bado anaota kwa Kiswahili. Bi Kheiria alifurahi kupata mtu wa kusema naye. Kiswahili cha Resty cha Kampala, kilichokuwa kikienda kwa kuchechemea, alikinyoosha yeye mwenyewe, huku akimtania kwamba kwao hakuna ngeli ila moja.

Walikuwa watu wema. Hilo lisemwe mapema, maana msomaji ameshaanza kumtafuta mbaya wa hadithi, na mimi sina wa kumpa. Likizo ya kwanza ya Resty iliangukia mwaka ambao viwanja vya ndege vilifungwa kwa korona. Ya pili, Bi Kheiria alipasuliwa goti. "Ningojee nisimame, mwanangu," alimwambia, na Resty akangoja. Ya tatu tiketi ilikuwa imeshakatwa, Bashayer akapata mtihani wake wa ubingwa. Kila safari aliombwa kwa adabu, akaombwa radhi, akapewa zawadi. Hakuna aliyemfungia mlango. Basi ikapita miaka saba, na wema wao haukumfikisha hata uwanja wa ndege.

Kule nyumbani, mama yake Resty, aliyeachiwa Nabukalu, alifariki mwaka ule wa tatu. Baba wa mtoto alikuwa ametoweka kabla mtoto hajaota jino. Jirani yao, Mwalimu Mayanja, na mkewe, ambao hawakujaliwa kupata mtoto, walimchukua Nabukalu kwa wiki moja mpaka mambo yakae sawa. Wiki hiyo ikawa miaka minne. Resty alituma boksi mara mbili kila mwaka kwa watu wa mizigo wa mtaa wa Ghala: nguo, sabuni, madaftari, na juu kabisa viatu. Kila boksi likifika, Mama Mayanja hutuma picha ya Nabukalu ameketi kwenye kiti, viatu vipya miguuni, pamoja na ujumbe wa sauti akisema vimempendeza sana, Mungu akubariki. Resty aliziweka picha zote. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtoto daima ameketi.

Mwezi wa sita ujumbe ukaingia kutoka kwa mtu asiyemjua, wakili aitwaye Ssentongo. Mwalimu Mayanja na mkewe wameomba mahakama iwape Nabukalu awe mtoto wao wa kisheria. Idhini ya mama inahitajika, isipokuwa mahakama ikiridhika kwamba mama alimtelekeza mtoto. Bi Resty atasikilizwa kwa njia ya video, Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi wa saba, saa tano asubuhi kwa saa za Oman. Hukumu ikitoka kwa upande wao, haki zake zote za mzazi zitakoma, na hazitarudi.

Aliusoma jikoni, anakaanga vitumbua. Akausoma tena. Alingojea kilio kije, kwa maana ndivyo ilivyostahili, hata akapunguza moto ili kisimkute mafuta yanachemka. Hakikuja. Akapandisha moto, akageuza vitumbua, vyote vikatoka sawa, hakuna hata kimoja kilichoungua.

Bi Kheiria ndiye aliyepandwa na hasira kwa niaba yake. "Mahkama ikunyang'anye mtoto uliyemzaa? Kwa lipi?" alisema, na tasbihi ikasimama mkononi. "Sie kwetu mtoto wa mwenzio utamlea, utamsomesha, utamuoza, lakini nasaba yake haiguswi. Ataitwa kwa babake mpaka kufa. Hao wanataka jina, wanataka kila kitu!"

"Kwetu jaji anaweza, Mama. Akishaandika, khalas, imekwisha."

"Na wewe utanyamaza?"

"Sitanyamaza."

"Basi kaa hapa nikufunze." Na kwa siku tisa, kila baada ya chai ya alasiri, Bi Kheiria alijifanya hakimu. Alimtaka Hamood achapishe picha zote za maboksi na stakabadhi za Ghala. Alimpa Resty maneno ya kufungia, wakayarudia mpaka yakalainika: Sikubali. Nabukalu ni mwanangu. Sikumtupa, nilikwenda kumtafutia. "Usikwame," Bi Kheiria alimwonya. "Mtu akikwama, watu hudhani anatunga. Sema kama unayemjua, kwani humjui?"

Resty akasema anamjua.

Jumanne ikafika. Nje jua la Julai lilikuwa limewafukuza hata paka. Ndani ya majilisi, sebule ya wageni, kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na tableti ya Shatha ilikuwa imeegemezwa kwenye birika la kahawa. Resty alivaa gauni lake la kanisani. Bi Kheiria aliketi pembeni yake, nje ya picha, amejifunga mtandio kana kwamba naye ataitwa. Shatha aliambiwa asitie mguu mle ndani.

Kwenye kioo kukatokea chumba chenye feni na meza nyingi. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Ssentongo, kijana mwenye suti inayombana, akasimama. Mwalimu Mayanja alikuwa amekaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mkewe alishika mkono wa msichana mdogo, mdogo kuliko Resty alivyomtarajia. Ilimchukua muda kukubali kwamba ndiye. Walisema kwa Kiganda, na Bi Kheiria, ambaye hakujua hata neno moja, aliitikia kwa kichwa kila Resty alipofungua mdomo.

Mambo yalianza vizuri. Resty alieleza maboksi, miaka, tarehe. Ssentongo hakubisha. Alisema tu kwamba ana kitu cha kuonyesha, akainama, akaanza kupanga viatu juu ya meza. Pea nane. Vyekundu vya ukanda, vyeupe vya Pasaka, vya shule vyeusi, vya michezo vyenye taa kisiginoni. Vyote vipya. Akakiinua cha shule, akatia vidole ndani, akatoa gazeti lililokunjwa, halafu jingine. Namba thelathini na saba, akasema. Mtoto anavaa thelathini na moja.

"Mama Mayanja," jaji aliuliza, "kwa nini hukumwambia?"

Mama Mayanja alijibu huku anatazama sakafu. "Zawadi ya mtu aliye mbali haisemwi, mheshimiwa. Nilimketisha nikampiga picha. Niliona nikisema itamuuma."

Resty alivitazama viatu vyake. Kila pea aliikumbuka, na duka, na siku. Hakuona aibu, wala hakuona hasira. Aliona tu kwamba vyeupe vile vimeanza kuwa vya njano kwa kukaa, na kwamba vingehitaji kupakwa chaki.

"Bi Resty," jaji akasema, si kwa ukali. "Viatu mtu yeyote anaweza kukosea. Sitaki tena habari za maboksi. Nieleze mtoto mwenyewe. Nataka nimjue kwa maneno yako."

Hili Bi Kheiria alikuwa ameliotea, na Resty hakukwama. Alisema kama maji ya bomba. Alisema mtoto huyu hali kiini cha yai. Anakula ute, kiini anakificha chini ya mkate akidhani hujamwona. Anaogopa blenda, na ukitaka kusaga kitu lazima umwambie kwanza azibe masikio. Halali mpaka ashike sikio la mtu, akilikosa hushika lake. Homa yake huanzia miguuni, miguu ikiwa baridi alasiri, basi usiku kuna homa, na dawa haimezi ila kwa maji ya ndimu. Ukimkemea hanuni, anakuja kukaa karibu nawe akupe mgongo. Mwezi uliopita jino lake la juu la kushoto lilitoka, akalimeza na mkate, akalia siku nzima kwa sababu hakupata jino la kulirushia jua ili limpe jipya.

Alisema hayo yote bila kupumzika, na alipokuwa akiyasema alijisikia joto kifuani kwa mara ya kwanza tangu ule mwezi wa sita. Ni raha kumsifu mtoto unayemjua.

Alipomaliza, Mwalimu Mayanja alikuwa anaitazama mikono yake. Jaji alivua miwani. Alimgeukia msichana, akamwambia aje karibu na meza, asiogope, aseme kama ndivyo.

Nabukalu alisimama. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtoto aliyefunzwa na mwalimu asimkatishe mkubwa. "Yai mimi nakula lote," alisema. "Blenda sijawahi kuiona. Meno yangu ya mbele yalitoka zamani, na sisi jino tunampa panya." Kisha akamgeukia Mama Mayanja, akamwuliza kwa kunong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. "Anamsema nani?"

Resty alisikia. Aliusikia ukweli ukiingia bila kubisha hodi, ukakaa. Yai lilikuwa la Shatha. Sikio lilikuwa la Shatha, na homa, na ndimu, na jino. Akajaribu haraka kutafuta cha Nabukalu, chochote, akapekua miaka saba. Akapata kicheko kimoja cha mtoto wa miaka mitatu anayetekenywa na kamba. Basi. Kingine chote alichokuwa akikiita Nabukalu kilikuwa Shatha aliyeongezwa vidole vitatu.



"Bi Resty, una la kuongeza?" jaji aliuliza.

Maneno ya kufungia yalikuwepo, amejifunza siku tisa. Sikubali. Nabukalu ni mwanangu. Aliyaona kabisa, yamejipanga. Hakuweza kuyagusa.

"Sina," akasema.

Kioo kikazimika. Bi Kheiria akapiga makofi mara moja, akamshika bega. "Mashallah, mwanangu! Umesema kama wakili. Mimi sikufahamu hata neno, lakini yule hakimu nimemwona, umemfunga mdomo. Hukukwama hata pahala pamoja! Hebu, umemwambia nini?"

"Nimemwambia hali kiini cha yai."

Bi Kheiria alicheka. "Kumbe na wako? Na huyu wetu vivyo hivyo..."

"Nimemwambia anaogopa blenda. Halali bila ya kushika sikio. Jino alilimeza, akalia."

Kicheko cha Bi Kheiria kilipungua, kikakatika. Alimtazama Resty, akaitazama tableti, akamtazama Resty tena. Mwanamke huyu ana msemo kwa kila jambo. Miaka yote hii, mtu akilia, yeye husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku hiyo aliuvuta mtandio wake, akaziba mdomo, akalia yeye. Resty akanyanyuka kwenda kumletea maji.

Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili, kurasa sita, kwenye simu. Ssentongo aliituma bila neno la ziada, na hilo lilikuwa ni adabu kwake. Mahakama imeondoa sharti la idhini ya mama. Nabukalu ni mtoto wa Mayanja na mkewe kwa kila maana ya kisheria, kana kwamba amezaliwa nao. Na yeyote aliyekuwa na haki ya mzazi juu yake hanayo tena. Kwenye ukurasa wa tano jaji aliandika: Mahakama haina shaka kwamba Bi Resty ni mlezi mwema. Mtoto aliyemlea siye huyu.

Resty aliusoma ukurasa huo, akaenda kuanika nguo.

Jioni Bi Kheiria alimwita. "Nshamwambia Hamood akakate tiketi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechelewa na anajua. "Wende wiki ijayo. Mwezi, miezi miwili, utakavyo. Goti langu lisikushughulishe."

"Ahsante, Mama." Resty alikuwa anakunja vazi la Shatha la kuogelea. "Lakini nikifika pale mlangoni, wakiniuliza mimi nani, niseme nani?"

Tiketi ilikatwa, ikakaa, ikarudishwa.

Siku kadhaa baadaye Resty alimtumia Mama Mayanja ujumbe wa sauti. Hakuuliza habari za kesi. Alimwomba jambo moja tu: ampime Nabukalu mguu kwa rula, amtajie. Lilikuwa swali ambalo angeweza kuliuliza siku yoyote ya miaka saba, mchana au usiku, bure. Hakuliuliza kwa sababu mama haulizi mguu wa mwanawe. Kuuliza kungekuwa kukiri. Sasa hapakuwa na cha kukiri, na swali likatoka kwa urahisi, kama kuulizia bei ya nyanya.

Jibu lilikuja adhuhuri. Sentimita kumi na tisa na nusu. "Ana mguu mdogo," Mama Mayanja alisema, "kama wa marehemu mama yako."

Resty alichukua rula ya shule ya Shatha, akaketi kwenye sakafu ya ukumbi, akaulaza uzi juu ya rula, akapima taratibu, akaukata kwa meno. Shatha alikuja mbio pekupeku. Mtoto anaujua uzi ule tangu ajitambue, na hakungoja kuambiwa. Aliketi, akanyoosha mguu, akaukanyaga uzi. Kisigino kilianza ulipoanza, na dole gumba likaishia ulipoishia.

"Umesahau," Shatha akamwambia. "Bado vidole vitatu."

"Leo siongezi."

Shatha aliutazama uzi chini ya wayo wake, akakunja uso. "Basi huu si wa Nabukalu. Huu mguu wa nani?"

Resty aliuviringisha uzi kwenye kidole, polepole, mpaka ukaisha.

"Wa mtoto wa Mwalimu Mayanja," akasema.